Mbele ya kununua apareyi ingine, mupime kwanza chumba

Mu miji yetu ya migodi, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, kijana akimaliza masomo na kazi ikikosekana, wazazi wanazunguka juu ya vitu viwili: kumununulia pikipiki, ao kumununulia apareyi ya foto. Pikipiki inaogopesha mama. Basi baba anatosha feza ya likelemba, ao anakata mu dekonti yake, na kijana anapata refleksi ya okazyo, Canon ao Nikon, pamoja na ile zumu ya 18-55 inayotokaka nayo mu karto.

Miezi ya kwanza mambo inaenda muzuri. Batizo, mahari, arusi ku komine: jua iko, picha inatoka safi, majirani wanasifu. Kisha inakuja sherehe ya mangaribi, ndani ya nyumba, na taa moja tu ku plafo. Kijana anarudia na picha mia tatu, na nyuso zote ni kama zimepita mu moshi. Mwenye sherehe anaangalia, anauliza: "Sasa hapa, mama yangu njo yupi?" Feza iliyobakia hailipwe. Na kijana anafika mbele ya baba yake na lile neno tunalosikia mara mingi mu nyumba za wafanyakazi: "Papa, hii apareyi imezeeka, inafaa tununue ingine."

Sisi tunasema: hapana, musinunue. Apareyi haina kosa. Jicho iliyo mbele yake njo nyembamba.

Muangalie ku uso wa ile zumu. Kuko maandishi kidogo: 3.5-5.6. Namba hiyo inaonyesha namna tundu ya objektifu inafunguka. Ukitwaa urefu wa objektifu, kwa mufano milimita 35, na kuugawanya na namba hiyo, unapata upana wa tundu. Zumu ikiwa ku 35, inafunguka karibu na 4.5, ni kusema tundu ya milimita 8. Objektifu fikse ya 35 iliyoandikwa 1.8, yenyewe tundu yake inafikia milimita 19. Namba ikishuka, tundu inapanuka; watu mingi wanafikiria kinyume na wanapoteza feza hapo. Mutu aliyeshuka mu shimo hahitaji mwalimu juu ya jambo hili: mudomo wa shimo ukiwa mupana, mwangaza unafika chini, ukiwa mwembamba, unabakia na taa yako ya kichwa.

Kati ya tundu hizo mbili, mwangaza unaoingia unaongezeka mara sita na zaidi. Pale zumu ilikuwa inaomba 1/20 ya sekunde, ile fikse inatosheka na 1/125. Mu 1/20 bibi arusi anayecheza anakuwa moshi. Mu 1/125 anakuwa mutu, hata kama mikono yake itakimbia kidogo. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko ile utapata ukiacha apareyi ya miaka kumi na kutwaa ingine ya miaka mitano, na inakula feza kidogo zaidi.

Kuko wale watajibu: "Flashi iko kwa kazi gani?" Neno lao si la bure. Flashi ya okazyo, ikigeuzwa kuangalia plafo nyeupe, inatoa mwangaza muzuri, na fotografe wa arusi asiyekuwa nayo anacheza na kazi yake. Lakini plafo nyeupe iko wapi? Mu nyumba mingi juu ni mabati matupu, ao mbao iliyokauka na moshi wa makala, na mwangaza unaenda huko bila kurudia. Kijana anageuza flashi mbele, moja kwa moja ku macho ya watu. Tunajua matokeo yake: paji la uso linangaa kama sahani, ngozi inapoteza rangi yake, na nyuma ya watu chumba yote imekuwa usiku. Na mu kilio, wakati wazee wanalala chini wakiimba polepole, flashi ni kukosa heshima. Hapo inafaa objektifu inayoona mu giza kidogo na kunyamaza.

Juu ya hiyo kilio, tuongeze neno moja. Mara ngapi tumeingia mu matanga ya mufanyakazi wa mugodi, na ile picha kubwa iliyowekwa mbele ya watu ni ya karte ya kuchagua, imevutwa mpaka uso umekuwa vipande-vipande? Mutu alifanya kazi miaka makumi mbili, alikomalisha watoto, na picha yake ya ndani ya nyumba haiko. Haiko kwa sababu muchana alikuwa ku kazi, ao alikuwa amelala nyuma ya posti ya usiku. Saa ya kuwa na watoto wake ilikuwa paka mangaribi, mu salo, na hapo apareyi ya jamaa ilikuwa kipofu. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, mu kazi yake ya mwaka wa 2006 iliyoitwa "Mémoire", alitwaa picha za zamani za wafanyakazi wa migodi na kuzibandika juu ya picha alizopiga yeye mwenyewe za mausine yaliyochakaa. Zile za zamani, kampuni njo ilizipigisha kwa mambo yake. Baba mwenye amekaa ku kiti chake na mutoto ku magoti, kampuni haikuwa na haja naye. Ile picha ni ya watoto wetu kuipiga.

Basi, objektifu gani?

Hapa kuko mutego, na jina lake ni 50 milimita 1.8. Wauzaji wote wanayo, bei yake ni ya chini, na kila fotografe kijana anaambiwa aanze nayo. Objektifu ile ni ya muzuri. Lakini refleksi mingi zinazouzwa kwetu ziko na kaptere kidogo, ile inaitwa APS-C. Kaptere ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwangaza. Kikiwa kidogo, kinakata picha ku pembe, na 50 inaona kama vile 75 ao 80 ku apareyi ya kaptere kubwa. Tuhesabu ku chumba ya kweli. Salo ya nyumba ya kambi, tuseme unaweza kurudi nyuma metre 3 mbele mugongo wako uguse ukuta. Na 50, unaona upana wa metre 1 na nusu hivi. Ni watu wawili, wa tatu anakatwa bega. Na 35, unaona metre 2. Na 28, karibu metre 2 na nusu. Na 24, inakaribia metre 3: baba, mama, watoto wane na bibi ku kiti chake.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya, na tunajua wapiga-picha fulani hawatayapenda: muchague upana kwanza, na tundu nyuma. Vijana wanafanya kinyume. Wanasikia 1.4 na macho inangaa, wanabeba 50 ya 1.4, kisha wanasimama inje ya mulango ku baridi wakipiga familia kupitia dirisha.

Kuko njia ya kujaribu bila kutosha hata franka moja. Zumu yenu ya 18-55 inapita mu upana wote huo. Siku ya Mungu, muizungushe mpaka 24, muifunge na skochi isitembee, na mupige nyumba nzima siku yote. Siku ya Mungu ingine, 28. Ya tatu, 35. Musiangalie kama picha ni nyeusi, muangalie kama watu wameingia. Nyuma ya wiki tatu mutajua namba ya nyumba zenu na ya kanisa yenu kuliko muuzaji yeyote.

Kwa wenye Canon ya kaptere kidogo, ile EF-S 24 milimita 2.8 STM ni nyepesi, gramu 125, na bei yake haitishi. Tuseme ukweli wake yote: ku 24, zumu yenyewe inafunguka karibu na 4, kwa hiyo 2.8 inakuongezea mwangaza mara mbili tu, haifike mara sita. Utapandisha ISO mpaka 3200 na utavumilia muchanga-muchanga mu picha. Sisi tunaona muchanga ni afazali kuliko moshi. Uso wenye muchanga unatambulika. Mwenye kuweza kuongeza feza atafute EF 28 milimita 1.8 USM ya okazyo. Ku pembe haiko klere sana ikifunguliwa yote, lakini mu salo ya watu, pembe ni pazia na kabati. Nayo inaingia hata ku Canon ya kaptere kubwa, lakini ile ya EF-S haiingie.

Ku Nikon, AF-S 28 milimita 1.8G njo tunayopenda. Ile DX 35 milimita 1.8G iko na bei muzuri sana na ni klere, lakini murudie ku hesabu ya metre 2. Na mu Nikon kuko shimo ingine ambalo vijana wanaanguka ndani yake kila wakati: zile apareyi za kidogo, kutoka D3000 mpaka D3500, na kutoka D5000 mpaka D5600, hazina motere ndani ya kuzungusha objektifu za zamani. Ukinunua 24 ao 28 iliyoandikwa AF-D, kwa kuwa bei imekupendeza, utakuwa unazungusha na mukono kila mara, na bibi arusi hatakungojea. Mutafute herufi AF-S.

Wenye kaptere kubwa, kama Canon 6D ao Nikon D750, wenyewe wastarehe: 35 ya 1.8 ao ya 2 inawatosha, ku metre 3 inaona metre 3. Kwa wenye kaptere kidogo, kuko pia ile Sigma 18-35 ya 1.8, ni zumu kweli lakini inafunguka kama fikse. Uzito wake ni karibu gramu 810, na bei inafuata uzito.

Objektifu pana iko na tabia yake, lazima kuijua. Inavuta vitu vya kando. Ukiweka mama munene ku pembe ya picha, utamuongezea kilo kumi na hatakusamehe. Muweke kati, na watoto wembamba kando. Ukikaribia uso sana, pua inatangulia. Na tundu ikifunguka yote, si kila mutu atakuwa klere: na 24 ya 2.8 ku metre 3, utashika wazi kuanzia metre 2 na kitu mpaka metre 4, mistari miwili ya watu inaingia bila wasiwasi. Na 35 ya 1.8, ule wa nyuma utaanza kuyeyuka. Hapo mufunge tundu kidogo, ao mupange watu mustari moja.

Faida ingine ni vumbi. Kolwezi mu kiangazi, kila mara unafungua apareyi kubadilisha objektifu, unaingiza barabara ndani ya kaptere. Ile fikse muifungie nyumbani, mulango umefungwa, na ikae siku yote ya sherehe.

Wakati wa kununua okazyo ni muzuri sasa, kwa sababu kampuni kubwa zinaelekeza nguvu ku apareyi zisizo na kioo ndani, na wenye mali wanaacha refleksi zao. Usiogope kwamba objektifu itakufa na apareyi: EF za Canon zinaingia ku apareyi za EOS R na adaptere, na AF-S za Nikon zinaingia ku za Z na adaptere FTZ.

Lakini mukague. Mubebe taa ya kichwa ya baba, ile ya kazi. Mufungue tundu yote, muwashe taa upande wa nyuma na muangalie kupitia upande wa mbele. Nyuzi nyeupe kama buibui ndani ya kioo ni kuvu ya musimu wa mvula. Muache hiyo objektifu pale. Vumbi kidogo si kitu. Mafuta ku zile bapa za tundu ni ugonjwa. Kisha muifunge ku apareyi yenu, papo hapo, mupige uso wa muuzaji mu kona yenye giza ya magazini, na muvute picha ku ekra mpaka kope za macho zionekane. Muuzaji akikataa muifunge mbele ya kulipa, mumurudishie objektifu yake na mupande basi.