MKEKA UPI TUNAUKALIA?



Ndugu Waislamu, neno mkeka lilikuwa letu. Ulikuwa ni ukindu uliosukwa na mama zetu, ukatandikwa msikitini, madrasa na matangani. Leo mwulize kijana wa Dar es Salaam maana ya mkeka, atakutolea simu akuonyeshe orodha ya mechi alizozitabiri kwa fedha. "Mkeka umechanika," husema, na kwa huzuni ambayo hatuioni anapopitwa na swala.

Mechi za Jumamosi zinazoanza saa 9 alasiri kule Uingereza, kwetu huanza saa 12 jioni katika majira yao ya baridi na saa 11 katika majira ya joto. Kwa vyovyote, Magharibi huingia mpira ungali uwanjani. Muadhini anaita, kibanda umiza kimefurika, na msikitini wamesimama wazee watupu. Wala tusidanganyane kwamba vijana wale wamekwenda kuburudika. Aliyeweka fedha yake pale haburudiki, anatetemeka.

Hukumu haina utata. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi, na aya inayofuata imetaja kuzuiliwa watu na swala kuwa miongoni mwa madhara yake. Wapo wanaojitetea kwamba serikali imeruhusu. Ni kweli, ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na jina lake lenyewe limekiri: kubahatisha. Pombe nayo ina leseni.

Wengine hudai kuwa ni ujuzi wa soka. Basi na tupige hesabu. Tuchukulie mechi 10, kila moja nafasi nusu kwa nusu. Mkeka huo hushinda mara 1 katika 1,024. Kampuni ingekuwa ya haki, ingelipa mara 1,024 ya fedha iliyowekwa. Lakini ikikata kidogo tu, ikalipa 1.9 kwa kila mechi badala ya 2, malipo ya mkeka mzima hushuka hadi mara 613. Kijana hupigia mahesabu ya ushindi. Mwenye kampuni amekwisha kupiga ya kwake tangu asubuhi.

Zamani mcheza kamari alijificha uso akiingia kasino. Tangu fedha zihamie kwenye simu (M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania 2008), anacheza akiwa darasani, kijiweni, au, Allah atulinde, akisubiri khutba ya Ijumaa. Zikimwishia, simu ile ile humkopesha kwa riba. Haramu mbili kwa kidole kimoja! Wala tusingoje serikali ituokoe. Julai 2019, kule Kenya, leseni za kampuni 27 za kamari hazikuhuishwa kwa sababu ya mgogoro wa kodi, na kamari ingalipo hadi leo.

Lakini tutakuwa wanafiki tukiwalaumu vijana peke yao. Nani aliyewafundisha kuwa mtu ni kitu? Akija kuposa kijana mwenye genge la mboga, mswalihina, asiyedaiwa na mtu, tunamwuliza kuhusu kiwanja na gari. Akija mwenye simu ya bei na manukato, hatumwulizi fedha katoa wapi. Harusi zetu zinachangiwa kwa kadi mpaka kwa wasio na unga ndani, ukumbi ukodiwe kwa usiku mmoja, na ada ya madrasa ya mwezi mzima tunaiona nzito. Kwa vitendo vyetu tumewaambia kwamba kuchuma polepole ni aibu, kisha tunashangaa wakikimbilia njia ya mkato.

Kwa hiyo tunaanza na sisi wenyewe. Makhatibu waitaje kamari kwa jina lake mimbarini, wasizunguke. Mawalii wawatazame wachumba kwa dini na tabia. Na kamati za misikiti zikague fremu za wakfu moja baada ya moja. Palipopangishwa kibanda cha kamari, mpangaji huyo aondolewe kwanza, ndipo waumini waombwe mchango wa mazulia mapya.