Ghala la zamani Mwera laweza kulipa, ila hesabu itangulie

Mkonge wa nchi hii ulianzia pwani ya Pangani. Miche 62 iliyosalia hai katika shehena ya Dk. Richard Hindorf mwaka 1893 ilipandwa Kikogwe, kusini mwa Mto Pangani, upande ule ule ilipo Mwera. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Kisha bei ikaanguka, kamba za nailoni zikaingia sokoni, na mashamba mengi yakageuka vichaka.

Mkonge sasa unafufuka na hilo ni jambo la kufurahisha. Hata hivyo, katika mashamba ya zamani ya mkonge na minazi ukanda wote wa pwani ya Tanga yamebaki maghala, mabanda ya mbata na nyumba za mawe ambazo hazina kazi. Kuta zake ni nene na imara, lakini paa zimetoboka na popo ndio wapangaji.

Tunaamini baadhi ya majengo hayo yanaweza kuingiza fedha yakigeuzwa kuwa nyumba za wageni wanaojipikia. Mgeni hukodi chumba chenye jiko, vyombo na mahali pa kulala, akakaa siku nne au wiki na familia yake, na chakula akanunua mwenyewe. Wateja wapo: ufukwe wa Ushongo uko jirani, Kisiwa cha Maziwe hakiko mbali, na Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko kusini. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la Mto Pangani, ni mradi wa kuwaondolea wasafiri adha ya kusubiri kivuko cha Bweni.

Kwa nini mkulima na mchuuzi wajali? Kwa sababu hoteli kubwa huweza kuagiza mahitaji yake kwa jumla kutoka mjini, lakini mgeni anayejipikia hununua gengeni. Asubuhi anataka mayai, mchicha na machungwa. Jioni anamsubiri mvuvi wa ngalawa amuuzie changu au pweza. Asiyejua kukuna nazi atamlipa mama wa kijijini ampikie. Wenzetu wa Tiwi na Diani nchini Kenya wanaijua biashara hii: wauza samaki na mboga hupita mlango kwa mlango kwenye nyumba za aina hiyo. Hapa hapa mkoani Tanga, shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, karibu na Lushoto, hulaza wageni na kuwauzia jibini, jamu na mikate ya shambani.

Pamoja na hayo, hatutaki msomaji aingie kichwa kichwa. Tuchukue mfano. Ukikarabati ghala kwa Sh 18,000,000 ukapata vyumba viwili vya Sh 60,000 kwa usiku, na kila kimoja kikapata mgeni siku 8 kwa mwezi kwa miezi 9 (masika wageni ni haba), utaingiza Sh 8,640,000 kwa mwaka. Ukitoa nusu kwa mlinzi, mfuaji, gesi, maji, matengenezo na kodi, unabaki na Sh 4,320,000. Hapo fedha zako zitarudi baada ya miaka minne na ushei, na kama ni mkopo wa benki, riba bado hujaihesabu. Anayekuahidi utajiri wa mwaka mmoja anakudanganya.

Lipo pia suala la sheria. Jengo lililoachwa lina mwenyewe. Usipige hata msumari kabla ya kuwa na mkataba wa maandishi na mwenye hati. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mambo yapite Halmashauri ya Kijiji na mkutano wa kijiji, si kwa mwenyekiti usiku. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hapo ghala lililo ndani kidogo lina nafuu kuliko kiwanja cha mchangani. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 nayo inadai leseni kwa anayelaza watalii.

Jambo la mwisho ndilo kubwa zaidi. Ghala linalohifadhi mahindi, korosho au mbata lisiguswe. Mkulima anayehamishia mazao yake uani ili ampishe mgeni atalipia kwa panya na ukungu. Italia ilipotunga sheria ya utalii wa mashambani mwaka 1985, ilisisitiza kwamba kilimo kibaki kazi kuu na wageni wawe nyongeza. Ni busara inayotufaa.

Tunaishauri Halmashauri ya Wilaya ya Pangani iorodheshe majengo yasiyotumika, ijulikane ni ya nani, na iwaeleze wananchi leseni na ushuru wote mahali pamoja. Wenye mashamba nao wafikirie kuwakodisha wenyeji kwa mikataba mirefu kabla paa hazijaanguka kabisa. Wakulima na wachuuzi waunde vikundi, maana ghala moja linahitaji fundi, mvuvi, mpishi na muuza mboga.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Mwera atapona iwapo jengo na genge vitakuwa mikononi mwake, na shamba lake likaendelea kulimwa.