Ujumbe Uliokatika

Jumamosi jioni tulitazama nyumbani filamu iitwayo "Crimson Tide", iliyotolewa mwaka 1995. Nyambizi ya Marekani, Alabama, imekwisha kupokea amri ya kurusha makombora ya nyuklia. Mara ujumbe wa pili wakatika katikati. Nahodha Ramsey ataka kurusha. Hunter, naibu wake, akataa mpaka ujumbe ukamilike. Na kanuni yataka wawili hao waafikiane. Mwishowe ujumbe wafika mzima: amri ya kwanza imefutwa!

Mwanangu akanitazama kimya. Asubuhi ile nilikuwa nimemchapa kwa habari niliyoisikia nusu. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake.

Wazazi wenzangu, hasa tuliozoea kutoa amri, tungoje neno liishe kabla ya kuinua kiboko.