Mzazi Si Nyasi: Chama cha Walimu na Shule za Umma za Mjini

Kila walimu wa Kenya wanapogoma, methali moja haikosi kutajwa: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Huandikwa magazetini, husemwa redioni, na wanasiasa huikariri majukwaani. Fahali mmoja ni serikali, wa pili ni chama cha walimu, nazo nyasi ni wanafunzi na wazazi wao. Methali yenyewe ina hekima, lakini matumizi yake hapa yana kasoro kubwa. Nyasi hazina miguu wala kauli. Mzazi akishaitwa nyasi, huwa mtu wa kukanyagwa na kuhurumiwa, asiyeulizwa lolote kuhusu shule anayoigharamia. Makala haya yanadai kwamba udhaifu mkubwa wa uongozi wa vyama vya walimu nchini umekuwa kuikubali methali hiyo bila kuihoji.

Ni haki kwanza kutoa sifa panapostahili. Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kiliasisiwa mwaka 1957, wakati ambapo mwalimu Mwafrika alitegemea fadhila za misheni au baraza la wilaya. Ni harakati zake zilizochangia kuundwa kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu mwaka 1967, walimu wakawa na mwajiri mmoja. Mwaka 1997, chini ya Katibu Mkuu Ambrose Adeya Adongo, mgomo uliofanyika miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu uliilazimisha serikali kukubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Serikali ilipokiuka ahadi hiyo, mgomo mwingine ulifuata mwaka 1998. Jina la Adongo, aliyefariki mwaka 2001, lingali linatajwa kwa heshima katika vyumba vya walimu.

Hata hivyo, ushindi wa 1997 uliacha urithi wenye pande mbili. Uliwafunza viongozi waliofuata kwamba kipimo cha uongozi ni asilimia: aliyeleta kubwa ni shujaa, aliyeleta ndogo ni msaliti. Masuala mengine ya shule yakasukumwa pembeni.

Ili kuyaona masuala hayo, inafaa kutazama shule za umma zinazohudumia mitaa kama Kibomet, pembezoni mwa mji wa Kitale. Kaunti ya Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Watoto wa vibarua wa Kiafrika hawakuruhusiwa katika shule za wenye mashamba. Baada ya uhuru, watu walihamia huko kutoka pande nyingi: Wabukusu kutoka Bungoma, Wakikuyu, Wakisii, Waturkana na wengine, wakaungana na Wasabaoti, Wanandi na Wapokoti. Huko na Bungoma, kama kwingineko nchini, madarasa mengi yalijengwa kwa harambee. Mzazi alitoa debe la mahindi, kuku au nguvu za mikono yake ili ukuta usimame. Harakati za jamii kwa ajili ya shule, basi, si mgeni wa kuja kukaribishwa. Ni mwenyeji aliyesahauliwa.

Januari 2003 elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka katika shule za msingi nchini. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule za mijini, ambako watu huongezeka kuliko madarasa, zilielemewa. Mwalimu mmoja alikabidhiwa watoto ambao wangewatosha wawili au watatu. Mzazi mwenye uwezo alimhamisha mwanawe katika shule ya binafsi. Mchuuzi, mwendesha bodaboda na kibarua wa shambani hawakuwa na pa kukimbilia. Hapo ndipo mwalimu na mzazi walipokuwa na dai moja. Je, chama kililibeba?

Kililibeba mara moja kwa namna ya wazi. Septemba 2011 walimu waligoma wakitaka serikali iwaajiri walimu zaidi na kuwapa ajira ya kudumu waliokuwa kwenye mikataba. Mgomo ulidumu siku chache tu, na serikali ikaridhia kuwapa kazi ya kudumu walimu hao wa mikataba. Dai hilo lilieleweka na kila mtu: hata bibi asiyejua kusoma anajua kwamba darasa bila mwalimu ni banda tu.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2012, walimu waligoma tena kwa wiki tatu, safari hii wakidai nyongeza ya asilimia 300 iliyotajwa kutokana na mapatano ya 1997. Katika mwezi huohuo, walimu wa mji wa Chicago nchini Marekani nao waliweka chaki chini. Kiongozi wao, Karen Lewis, mwalimu wa kemia aliyechaguliwa mwaka 2010, alikuwa ametumia miaka miwili kukutana na wazazi na makundi ya mitaani. Miezi kadhaa kabla ya mgomo, chama chake kilichapisha waraka kuhusu shule ambazo watoto wa Chicago wanastahili kupata: madarasa yasiyofurika, walimu wa sanaa na muziki, wauguzi na washauri shuleni. Mgomo ulipoanza, wazazi wengi walisimama upande wa walimu dhidi ya meya, na baada ya siku saba za masomo ukamalizika kwa mapatano. Ushindi huo haukuwa kamili, kwani mwaka 2013 shule zipatazo 50 zilifungwa mjini humo. Lakini hakuna aliyeweza kuwaita wazazi wa Chicago nyasi.

Huku nyumbani, gharama ya kupigana bila mzazi ilijidhihirisha mwaka 2015. Mahakama ilikuwa imewapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikakataa kulipa. Mgomo wa wiki tano ulifuata, walimu wakiwa na uamuzi wa mahakama mkononi. Mzazi aliyebaki na watoto nyumbani alisikia asilimia tu. Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi wenyewe. Pigo zaidi lilikuja mwaka 2019, mwajiri alipovuruga makato ya ada za wanachama. KNUT, kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000, kilibaki na wasiofika 20,000 kufikia Juni 2021, Katibu Mkuu Wilson Sossion alipojiuzulu. Chama kilichoishi kwa makato ya mshahara kilikatwa pumzi kwa kuguswa makato hayo, na katika mitaa hakukuwa na umati uliojitokeza kukitetea.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba chama cha wafanyakazi kipo kisheria kwa ajili ya wanachama wake, na kwamba mwalimu mwenye njaa hafundishi. Hoja hiyo ni nzito, na makala haya hayasemi mshahara usidaiwe. Yanasema mshahara udaiwe pamoja na darasa, dawati na mwalimu wa pili. Wengine watahofia kwamba harakati za jamii ni ngazi ya kupandia siasa. Lakini ngazi hiyo tayari ipo bila jamii: mwaka 2017 Sossion aliteuliwa kuwa mbunge, naye Omboko Milemba, mwenyekiti wa KUPPET, akachaguliwa kuwa mbunge wa Emuhaya. Kiongozi anayewajibika kwa wazazi pia ana watu wengi zaidi wa kumwuliza maswali.

Kuna jambo la mwisho linalowahusu hasa wapenzi wa Kiswahili. Wimbo unaovuma katika migomo ya walimu wa Kenya ni "Solidarity Forever", uliotungwa na Mmarekani Ralph Chaplin mwaka 1915. Ni wimbo wa heshima, lakini mama wa Kibomet anayeusikia ukipita barabarani hajui kama anaimbiwa au anaimbwa. Mapatano ya chama, barua zake na hotuba zake nyingi huwa kwa Kiingereza, ilhali katika mji wenye makabila mengi kama Kitale ni Kiswahili kinachowakutanisha wazazi sokoni na kanisani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua chama cha wazazi katika kila shule ya umma. Viongozi wa matawi na wakafike huko kabla ya mgomo, wakiwa na madai yaliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu na rahisi, wasikilize na waongeze ya wazazi.

Wengi wa wanafunzi wa Kiswahili leo watakuwa walimu kesho, na kadi ya chama itawafikia pamoja na barua ya kuajiriwa. Wana lugha ambayo viongozi wao wameikosa. Siku watakaposimama mbele ya wazazi na kuitumia, wahariri watalazimika kutafuta methali nyingine.