Chumvi si suala la ulimi

Mjadala wa maji ya vijijini nchini mwetu umezoea kuelekea kaskazini. Ukitajwa uchafuzi, hutajwa floraidi ya Arusha, meno ya kahawia na kituo cha Ngurdoto cha kuondoa floraidi. Ni haki ya watu wa huko, na katika toleo hili imo makala moja nzuri ya floraidi. Ila kila rasimu ya pwani ya Mtwara inayopita mezani kwangu huisukuma chumvi hadi aya ya mwisho, pamoja na rangi na harufu, utadhani ni malalamiko ya mtu anayechagua chakula.

Kisingizio nakijua. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya cha sodiamu kwenye maji. Linasema tu ladha huanza kukera inapofika kama miligramu 200 kwa lita. Lakini shirika hilohilo linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 2 za sodiamu kwa siku. Maji yakiwa na miligramu 1,000 za sodiamu kwa lita, lita mbili tu zimemaliza posho yote, na samaki mkavu bado hajaguswa. Huko Dacope, pwani ya Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta wajawazito wakisumbuliwa zaidi na shinikizo la damu wakati wa kiangazi, chumvi ya maji inapopanda. Naitamani kazi kama hiyo huku Mtwara, pale Msimbati, ifanywe Oktoba, si Aprili visima vimejaa.

Lipo la pili, nalo ndilo linaloniudhi hasa. Pwani ya Mtwara maji baridi huelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari hushikilia kama mita 40 chini yake. Shusha hiyo moja kwa pampu, bahari itapanda kujaza nafasi. Kisima cha mradi kikishakolea chumvi, maharage hayaivi na sabuni haitoi povu. Mama anachukua ndoo na kata, anarudi kwenye kisima cha mchangani chenye maji matamu, choo cha shimo kikiwa hatua chache upande wa juu. Kwenye taarifa bado anahesabiwa kuwa amefikiwa na maji safi. Kuhara kukiingia nyumbani, anahubiriwa kunawa mikono.

Kipimo cha chumvi cha mkononi hutoa jibu papo hapo. RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vyombo vya watumia maji wangekisoma kila mwezi na kubandika namba hapo hapo kisimani.

Kuhusu makala nyingine za toleo hili: ile ya matangi ya mvua ya Newala inauliza salfa inayopuliziwa mikorosho na kutua juu ya mabati huishia wapi. Isomwe taratibu. Ya klorini ni fupi na inaeleweka. Mwandishi wa gesi anadai visima vya jirani na kiwanda cha gesi cha Madimba vipimwe na majibu yawe hadharani. Namuunga mkono, ingawa tangu ghasia za Mei 2013 za kupinga bomba la gesi kila mtu Mtwara anataka mkosaji awe bomba, na choo kiko karibu zaidi.

Mchangiaji wetu wa mwisho anashikilia kwamba maji ya chumvi ni kero tu, hayana hatari. Sikumfuta hata neno. Nimempa na nafasi ya kunijibu toleo lijalo, kwa sharti kwamba aje na vipimo vya kiangazi.