Ramani ya Tovuti Yataka Ukweli

Ndugu msomaji, siku hizi familia nyingi za mijini huuza kazi ya mikono yao kwa njia ya tovuti. Ni jambo jema. Lakini kufungua tovuti ni jambo moja, na kuonekana na watu ni jambo jingine.

Mitambo ya kutafutia habari, kama ule wa Google, hupitia tovuti kwa kufuata viungo, kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ukurasa usio na kiungo ni kama nyumba isiyo na njia. Ndiyo sababu mwaka 2005 Google ilianzisha utaratibu wa ramani ya tovuti, na mwaka 2006 Yahoo na Microsoft zikaukubali. Ramani hiyo si mchoro. Ni faili lenye orodha ya anwani za kurasa, na kila anwani huweza kuambatana na tarehe ambayo ukurasa ulibadilishwa mara ya mwisho. Faili moja halipaswi kuzidi anwani 50,000 wala megabaiti 50. Programu nyingi za kutengenezea tovuti huiandika ramani hiyo zenyewe.

Hata hivyo, wengi wakishaiweka hudhani kazi imekwisha. Tuchukue mfano wa familia inayoshona sare za shule. Kurasa za mitindo ya zamani zimefutwa, lakini ramani ingali inazitaja. Tena, kwa tamaa ya kuonekana wapya, wenyewe hubandika tarehe ya leo kwenye kila ukurasa, kila siku, ingawa hakuna neno lililobadilika. Google imekwisha kueleza kwamba huzitumia tarehe hizo pale tu zinapothibitika kuwa za kuaminika. Basi Januari ikifika na bei ikabadilishwa kweli, mtambo hauna sababu ya kuharakisha kuja kutazama. Mama aliyesoma bei ya zamani hupanda daladala na watoto wawili, akafika dukani, akakuta fedha zake hazitoshi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unayo tovuti, ifungue ramani yake mara kwa mara. Ziache humo kurasa zilizo hai tu. Tarehe nayo ibadilike pale jambo la maana linapobadilika: bei, namba ya simu, au mahali pa duka. Kisha mahali ilipo ramani pataje katika faili liitwalo robots.txt, ambalo mitambo hulisoma kwanza.

Ni kweli kwamba ramani haitoi dhamana ya ukurasa kuonyeshwa, na tovuti ndogo iliyounganishwa vema yaweza kuishi bila ramani. Lakini aliyekubali kumwelekeza mgeni njia hana budi kumwelekeza kwa haki. Wahenga walisema: njia ya mwongo ni fupi.