Zima spika, mlipe mwongozo

Nianze na kauli itakayowaudhi wenzangu wa kompyuta: programu ya simu haitakuonyesha bundi wa Sokoke. Atakayekuonyesha ni kijana wa Gede au Jilore anayeujua msitu, na pesa yake unayoiita "gharama ya ziada" ndiyo bei halisi ya kumwona ndege huyo.

Nayasema haya kwa sababu kuna wazo ambalo nimelisikia mara nyingi mno kwenye mikutano ya waandika programu. Mtu anasimama na slaidi zake, anatuambia utalii wa ndege Pwani umejaa watu wa kati, tuwaondoe. Weka ramani, weka sauti za ndege, weka alama pale kila ndege alipoonekana, mgeni ajitembeze mwenyewe. Ukumbi mzima makofi! Mimi nimesomea sayansi ya kompyuta, nakula kwa kuandika programu, na nakaa Mariakani, kaunti ile ile yenye msitu huo. Wazo hili ni bovu. Tena ni bovu kiufundi, hata kabla hatujaanza kuzungumza habari za utu.

Kwa wasioujua msitu wenyewe: Arabuko-Sokoke uko kati ya mji wa Kilifi na Malindi, ukubwa wake kiasi cha kilomita 420 za mraba. Kutoka hapa Mariakani unapita Kaloleni, unatokea Mavueni, kisha unaishika barabara ya Malindi hadi Gede. Ukiwa ndani ya gari utaona miti tu. Ukiingia ndani ndipo unagundua kwamba hiyo ni misitu mitatu katika mmoja: kuna msitu mchanganyiko, kuna sehemu ya mchanga mweupe yenye mirihi mirefu, na kuna sehemu ya udongo mwekundu yenye vichaka vilivyosongamana. Bundi wa Sokoke anakaa huko kwenye wekundu. Ni mdogo, hafiki sentimita 20, na wanasayansi walimpa jina mwaka 1966 tu. Ukimtoa Kenya, anajulikana katika nchi moja nyingine peke yake, Tanzania, kwenye misitu ya chini ya milima ya Usambara. Mchana hukaa tuli karibu na shina, ana rangi ya majani makavu. Unaweza kupita hatua tatu kutoka alipo, macho umeyatoa, usimwone.

Sasa tulinganishe. Huko kaskazini ya dunia, Ufini kwa mfano, kuna safari za kiangazi za kutazama ndege katika misitu ya misonobari, maeneo ya Kuusamo na kwingineko. Wageni huwatafuta bundi wakubwa wa kijivu na ndege wengine wa misitu ya baridi. Intaneti ya kule ni ya kasi, ramani zao ni safi, kila mtu ana simu nzuri, na bado watu hulipia mwongozo. Kwa nini? Kwa sababu bundi yule hufuata panya wa porini. Panya wakiwa wengi hapa mwaka huu, yuko hapa. Wakipungua, amehama. Alama ya mwaka jana kwenye ramani haina faida. Anayejua ni mtu aliyepita pale wiki iliyopita.

Na kuna jambo linalonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Yuko kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, Waingereza wakimwita Terek. Huyu huzaliana kwenye kingo za maji za misitu hiyo hiyo ya kaskazini, kuanzia Ufini hadi Siberia. Baridi ya kwao inapokaribia, anashuka hadi hori ya Mida, jirani kabisa na Arabuko-Sokoke, na wavuvi wetu wanamwona kaskazi nzima akikimbiza kaa wadogo matopeni. Ndege ni yule yule. Mgeni anayemtazama kule mwezi Juni halalamiki kulipia mwongozo. Akija Mida mwezi Januari, anataka punguzo!

Haya, tuje kwenye ufundi.

1. Data inatoka wapi? Programu zinazotambua ndege kwa sauti hujifunza kutokana na sauti zilizorekodiwa. Merlin ya Cornell ilipoanza kazi hiyo mwaka 2021, ilianza na ndege wa Marekani na Kanada. Si ajabu, huko ndiko kwenye rekodi tele. Ndege mwenye rekodi chache hungoja mwisho wa foleni, na ndege wa pekee wa Sokoke ndio hao wa rekodi chache. Na hizo chache zilizopo, wengi waliozirekodi walipelekwa na nani hadi kwenye ule mti? Na mwongozo. Jina lake halimo. Tumechukua maarifa yake, tumeyaweka kwenye seva, halafu tunamwambia hatumhitaji tena. Katika kazi yetu, ukichukua kodi ya mwenzako bila kumtaja, unaitwa mwizi.

2. Makao ya ndege si nukta kwenye ramani. Mchukulie kwera wa Clarke. Duniani kote anajulikana katika Kaunti ya Kilifi peke yake. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1913. Hakuna aliyeweza kuandika anakotagia hadi Machi 2013, alipopatikana akijenga viota kwenye kidimbwi cha msimu huko Dakatcha, upande wa bara wa Malindi. Miaka 100! Na alipatikana kwa miguu: watu kurudi tena na tena msituni, kuwauliza wenyeji, kungoja mvua ijaze maji. Isiponyesha, kidimbwi ni uwanja mkavu wenye nyasi. Hiyo nukta yako itamwambia mgeni nini?

3. Spika. Hapa ndipo penye madhara ya kweli. Mgeni asiye na mwongozo atafanya nini akikosa ndege? Atatoa simu, ataunganisha spika ya Bluetooth, ataipiga sauti ya bundi mpaka bundi ajibu. Wenzangu wa kompyuta, hili mnalielewa kuliko mtu yeyote. Ni mtu kuirushia seva maombi ya uongo mfululizo mpaka ishindwe kuwahudumia wateja wa kweli. Yule bundi anadhani mwenzake amekuja kumnyang'anya eneo. Anaacha kuwinda, anaacha kiota, anatoka kwenye maficho yake kumkabili adui ambaye hayupo. Mara moja huenda akavumilia. Ukiweka kwenye intaneti alama ya mti anaolala, si mara moja tena. Ni kila kundi, kila jioni, mti ule ule.

Najua mtakalonijibu. "Hata waongozaji wengine hutumia spika." Ni kweli, wako wanaofanya hivyo. Lakini tuseme na sababu: mgeni amekuja na orodha, ana siku moja, na bakshishi inategemea orodha hiyo. Mwongozo anayelipwa siku yake kamili, awe bundi ameonekana au la, ana uwezo wa kusema "tumwache apumzike leo." Anayelipwa kwa kubahatisha hana uwezo huo. Ukitaka spika izimwe, lipa siku.

Mtasema tena, "Je, sisi wenyeji tusio na pesa za kitalii?" Swali zuri. Nendeni kundi, mchangie. Vijana wanane wa Kaloleni wakigawana ada ya mwongozo mmoja, kila mmoja hatoi pesa ya kumtisha. Na huyo mwongozo atawaeleza kwa Kiswahili, na kwa Kigiriama mkitaka, jambo ambalo programu nyingi hazijaliweza.

Kuna na hili la kukumbukwa: msitu huu umezungukwa na watu wanaotafuta riziki. Kuna wanaoishi kwa kukata nguzo, kuchoma mkaa, kutega wanyama. Kila nyumba inayokula kutokana na bundi aliye hai ni nyumba moja yenye sababu ya kuutetea mti anaolala. Ukimwondoa mwongozo kwa jina la "ufanisi", umepunguza gharama ya mgeni na umemtoa msituni mlinzi ambaye hakuwa akilipwa na serikali wala na mfadhili. Hesabu gani hiyo?

Sipingi teknolojia, wadau. Napinga uvivu wetu wa kufikiri. Kazi iko tele. Tengenezeni orodha ya ndege inayofanya kazi bila mtandao, yenye majina ya Kiswahili na Kigiriama. Tengenezeni njia ya mgeni kuweka nafasi na kulipa kwa M-Pesa moja kwa moja kwa mwongozo, bila wakala wa mbali kubaki na nusu. Kwenye kila rekodi pawe na nafasi ya jina la aliyekuongoza, nayo isiachwe tupu. Ficheni mahali halisi pa ndege adimu. Onyesheni mraba mpana, kama inavyofanya Kenya Bird Map, ambayo miraba yake ina upana wa kilomita tisa hivi. Kwa utafiti hiyo yatosha, na mwenye spika haimpeleki kwenye mti.

Na hamtaki kutengeneza kitu? Basi Jumamosi moja pandeni gari mwende Gede. Fikeni alfajiri, simu ikae mfukoni. Mtafuteni mwongozo, mkubaliane bei mwanzo, mlipeni yote hata kama bundi hakuonekana.